Mguu wa Mpigaji Haupimwi kwa Asilimia

Mpwa wangu, barua yako nimeipata, na habari ya kibarua chako imenifurahisha. Unasema umeingia idara ya kuchunguza wachezaji wa vyuo kwa ajili ya drafti ya NFL, ile ligi ya futiboli ya Marekani, na kwa vile wewe ni mgeni, wakongwe wamekusukumia wapigaji. Usione umedharauliwa. Klabu ina wachezaji 53 kikosini, lakini mpigaji wa pointi tatu huwa mmoja tu. Hana wa kumpokea kutoka benchi, na akikosa hakuna wa kumfichia aibu. Mechi si haba za ligi ile huamuliwa kwa pointi tatu au chini ya hapo. Wanaomdharau mpigaji ni wale ambao bado hawajafukuzwa kazi kwa sababu yake.

Mimi sikuwa skauti. Kwa miaka mingi nilikuwa mtunza vifaa wa timu ya chuo, yule mzee anayesukuma toroli la mipira pembeni ya uwanja na ambaye hakuna anayemtazama mara mbili. Lakini mtu wa toroli huwasikia wapigaji wakinung'unika, huokota mipira yao, hujua nani kalala vizuri na nani kakesha. Niliyoyaona huko nakupa, yanayokufaa chukua.

Najua kompyuta yako itakuletea asilimia kabla ya kitu kingine chochote. Fulani kafunga 88, fulani 79, na orodha itajipanga yenyewe kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo wengi walipozama.

Florida State walikuwa na kijana aitwaye Roberto Aguayo. Kwa misimu mitatu, 2013 hadi 2015, alifunga mapigo 69 kati ya 78, na pointi za nyongeza, zile za pigo linalofuata tachidauni, 198 kati ya 198. Hakupoteza hata moja. Mwaka wake wa kwanza uwanjani alitwaa Tuzo ya Lou Groza, ambayo ndiyo taji la mpigaji bora wa vyuo. Tampa Bay Buccaneers wakaona wameokota dhahabu. Kwenye drafti ya 2016 wakawapa Kansas City nafasi mbili, ya 74 na ya 106, ili wapande hadi ya 59 na kumchukua katika raundi ya pili, wakati wapigaji wengi huchukuliwa raundi za mwisho au hawachukuliwi kabisa. Msimu wake wa kwanza akafunga 22 kati ya 31. Agosti 2017, kabla hata msimu wa pili haujaanza, akatemwa.

Sasa zirudie takwimu zile uzisome taratibu. Msimu wa 2013 alikosa 1 kati ya 22. Uliofuata alikosa 3 kati ya 30. Wa mwisho, 5 kati ya 26. Mtu anayekosa mara moja, kisha tatu, kisha tano, kuna kitu kinamlegea, na jumla ya miaka mitatu inakificha. Na zile pointi za nyongeza 198? Vyuoni pointi ya nyongeza hupigwa kutoka yadi 20 hivi. NFL iliisogeza nyuma mwaka 2015, ikawa yadi 33. Kijana alisifiwa kwa pigo ambalo kule alikokuwa akienda halikuwepo tena. Huko Tampa, mwaka wake wa kwanza, pointi za nyongeza mbili zilimponyoka.

Simsimangi Aguayo, alipiga kama alivyojua, na vyuoni alikuwa bora kweli. Lawama zangu ni kwa waliofanya ununuzi. Walikuwa na namba zote mezani, wakasoma ile kubwa iliyoandikwa chini ya mstari wa jumla.

Kwa hiyo mgawanye mpigaji wako kwa umbali na kwa msimu, na ukishafanya hivyo mtazame kocha wake. Kuna kocha anayemtuma kijana apige kutoka yadi 52 robo ya kwanza bila kusita. Kuna mwingine ambaye kila umbali ukivuka yadi 45 anaamua mpira ubutuliwe tu uende mbali. Huyu wa pili atampa mpigaji wake asilimia ya kupendeza, na hatajua lolote kuhusu mguu wake. Wala wewe hutajua, ukiishia kwenye jedwali.

Kuna pia hesabu inayomwonea mpigaji wa chuo, nayo uijue. Milingoti ni ile ile, futi 18 na inchi 6 kutoka mmoja hadi mwingine, chuoni na NFL. Kinachobadilika ni vile vistari vya katikati ya uwanja vinavyoamua mchezo uanzie upande gani. NFL vimeachana upana ule ule wa milingoti. Vyuoni vimeachana futi 40. Chukua pigo la yadi 25: ukianzia kwenye kistari cha NFL, umekaa nje ya katikati kwa nyuzi 7 hivi, ukianzia kwenye kistari cha chuo ni nyuzi 15. Kadiri unavyosogea karibu ndivyo pembe inavyokubana, na watazamaji jukwaani wanazomea wakidhani ni pigo la mtoto. Ukikuta kijana amekosa yadi 25, usimcheke kabla hujaangalia mpira ulikuwa upande gani. Pigo la namna ile akifika NFL hatakutana nalo tena. Nimeona wapigaji wazuri wakishushwa kwenye orodha kwa makosa ya pembe ambayo maisha yao yote ya kulipwa yasingewadai.

Baada ya hapo funga kompyuta uende mazoezini. Usikae pembeni pamoja na waandishi. Omba ruhusa usimame nyuma ya mpigaji, hatua kumi hivi, kwenye mstari mmoja na mpira. Ukiwa pembeni utaona umbali, na umbali unadanganya. Ukiwa nyuma utaona mpira unavyotoka mguuni: je, unabiringika ncha kwa ncha ukiwa umenyooka, au unayumba kama umelewa? Unaanza moja kwa moja kuelekea kati ya milingoti, au unaanza nje kisha unarudishwa ndani na mzunguko? Wapigaji wa mguu wa kulia wengi mpira wao hujikunja kidogo kushoto, na hilo si kosa, mradi mkunjo ni ule ule kila siku. Anayefunga kumi kati ya kumi kwa mikunjo kumi tofauti ana bahati tu, na bahati haiandikiwi mkataba.

Sikiliza pia. Teke lililoshika mahali pake hutoa mlio mzito, mfupi, kama mlango wa gari jipya ukifungwa. Lililoshika pembeni hulia kavu. Nilikuwa nikiinama kupanga mipira kwenye toroli, bila kuinua kichwa, najua lipi limeingia.

Na mazoezi yakiisha, wenzako wakikimbilia chakula, wewe rudi mahali alipokuwa anapigia uangalie nyasi. Mguu usiopiga, ule anaoukita kando ya mpira, huacha alama ardhini. Nilikuwa nazikuta alama hizo nikienda kuokota mipira iliyobaki. Wapo vijana ambao mapigo thelathini ya siku nzima yameacha kidonda kimoja tu cha udongo, si kikubwa kuliko sahani ya chai. Wapo wengine ambao sehemu ile imechimbuka ovyo kama bata wamelala hapo. Wote wawili siku hiyo huenda wamefunga idadi moja. Mguu unaokitwa popote hauwezi kuhimili mechi ya Desemba yenye beki mrefu anayeruka mbele yako, na kwangu alama zile za nyasi zilikuwa na uzito kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuonyeshwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye mapigo aliyokosa. Yakusanye yote, hata kama ni kumi na mbili tu, uyatazame moja moja kwenye video. Kama yote yameenda kulia, una mtu mwenye kasoro moja, na kasoro moja kocha mzuri hurekebisha kiangazi kimoja. Kama mengine kulia, mengine kushoto, na mawili yamegongwa mbele mbele kwa sababu yalikuwa chini mno, hapo hakuna kasoro ya kurekebisha. Hakuna mtindo wenyewe. Hayo ya chini yaangalie kwa makini. Mtambaa wa panya uko futi 10 tu kutoka ardhini, kwa hiyo watu hudhani kimo si shida. Shida haiko kwenye mtambaa wa panya. Iko kwenye mikono ya watu warefu walioinuka yadi chache mbele ya mpira. Kijana anayelazimika kuushusha mpira ili ufike yadi 50 vyuoni, atazuiwa NFL.

Usisahau kwamba mpigaji hapigi peke yake. Mrushaji anautuma mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, mshikaji aliyepiga goti yadi saba au nane nyuma anaudaka, anausimamisha, anaugeuza nyuzi zake zitazame milingoti, na mguu unafika. Yote hayo ndani ya sekunde 1.3 hivi. Mshikaji akichelewa kuzungusha nyuzi, mpigaji ndiye atakayeandikwa gazetini. Nenda ukajue mshikaji wake ni nani, ameshika kwa misimu mingapi, na je, mwaka ule asilimia iliposhuka ndio mwaka mshikaji alipobadilika? Swali hilo moja limewaokoa vijana wengi kuliko wanavyojua.

Na mpira wenyewe. Hapa niruhusu nijivune kidogo, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Chuoni kila timu hutumia mipira yake, na sisi watu wa toroli tuliisugua kwa brashi hadi ngozi ikalainika na ule utelezi wa kiwandani ukatoka. Mpigaji alijua kila mpira kama mtu anavyojua viatu vyake. NFL tangu 1999 ina mipira ya pekee ya mapigo, iliyotiwa alama ya K, na kwa miaka mingi ilikuwa ikishughulikiwa siku ya mechi tu, ikitoka migumu. Kuanzia msimu wa 2025 klabu zimeruhusiwa kuilainisha mapema. Hiyo ni sababu moja ya mapigo ya mbali kuongezeka siku hizi, na ndiyo maana kulinganisha mpigaji wa 2026 na wa 2016 kwa yadi peke yake ni kujidanganya.

Hali ya hewa nayo isikupite. Rekodi tatu za mwisho za pigo refu katika ligi zitazame zilikopigwa: yadi 64 za Matt Prater mwaka 2013 zilikuwa Denver, maili moja juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, 66 za Justin Tucker mwaka 2021 zilikuwa Detroit, chini ya paa, 68 za Cam Little Novemba 2025 zilikuwa Las Vegas, chini ya paa vilevile. Nawavulia kofia wote watatu. Lakini klabu yako kama iko Buffalo, Cleveland au Chicago, ambako upepo wa maziwa hauna adabu, taarifa yako iseme wazi kijana huyu amepiga mara ngapi kwenye baridi na upepo. Kama ni mtoto wa Arizona ambaye hajawahi kuona pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi, andika hivyo. Si dhambi. Ila wajue wanachonunua.

Video za mtandaoni zisikuzuzue. Utaletewa kijana anayefunga yadi 70, kapiga suruali ya mazoezi, mpira umeshikwa na kichuma, mbele yake hakuna hata mbuzi. Mimi nimeona wa hivyo wakashindwa yadi 38 watu kumi na mmoja walipokuja mbio.

Kuhusu mpigo wa kuanzisha mchezo nitasema machache, kwa sababu sheria zenyewe bado zinahamahama. Zamani klabu ilitaka mtu wa kuupaisha mpira upitilize kabisa. Tangu 2024 NFL inataka mpira udondoke kati ya mstari wa goli na yadi ya 20, na ukipitiliza hewani, wapinzani wanazawadiwa: mwaka ule walianzia yadi ya 30, na 2025 ikawa ya 35. Nguvu tupu imeshuka bei. Anayeweza kuutua mpira pembeni anapotaka, ukidunda vibaya vibaya, huyo sasa ana soko, nawe ukimkuta mtilie alama.

Sasa nikwambie jambo ambalo wakubwa wako watalipinga. Mpigaji huiva polepole, na mara nyingi huivia kwa watu wengine.

Daniel Carlson alitoka Auburn akiwa na pointi nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya ukanda wao wa SEC. Minnesota Vikings wakamchukua raundi ya tano mwaka 2018. Mechi yake ya pili, huko Green Bay, alikosa mara tatu, mbili kati ya hizo katika muda wa nyongeza, na ya mwisho ikiwa yadi 35 tu. Mechi ikaisha sare ya 29 kwa 29. Kesho yake alikuwa hana kazi. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, wazee wetu walisema. Ila nyani huyu hakufa. Raiders walimwokota Oktoba ileile na akafunga 16 kati ya 17 zilizobaki za msimu. Januari 2022 alipiga yadi 47 sekunde za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, akawatoa Chargers na kuwapeleka Raiders kwenye mtoano. Mguu ulikuwa ule ule uliotemwa.

Jake Moody wa Michigan naye: San Francisco 49ers walimchukua raundi ya tatu mwaka 2023, Septemba 2025 wakamfungulia mlango, na mwezi uliofuata, akiwa na Chicago Bears, akafunga pigo la mwisho lililoizamisha Washington.

Brandon Aubrey ndiye anayenipendeza kuliko wote. Notre Dame alikwenda kucheza soka letu, lile la miguu. Toronto FC walimchukua kwenye drafti ya soka ya 2017, haikuwa riziki, akawa mtaalamu wa programu za kompyuta. Futiboli ya Marekani ya chuo hakuwahi kuicheza hata siku moja. Akajifunza kupiga, akaingia Birmingham Stallions katika ligi ndogo ya USFL, akatwaa nao ubingwa 2022 na 2023, kisha Dallas Cowboys wakamsajili akiwa na miaka 28. Mapigo yake 35 ya kwanza katika NFL yaliingia yote. Jedwali lako la wapigaji wa vyuo lisingekuwa na jina lake. Adam Vinatieri, aliyefunga pointi 2,673, nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi, naye hakuchaguliwa kwenye drafti. Alitoka chuo kidogo cha South Dakota State akapitia timu ya Amsterdam kwanza.

Na ukitaka kujua jinsi siku moja isivyo hakimu, msome Gary Anderson, mzaliwa wa Parys, Afrika Kusini. Msimu wa 1998 akiwa na Vikings hakukosa kitu: mapigo 35 kwa 35, pointi za nyongeza 59 kwa 59. Januari 1999, mechi ya kuingia Super Bowl, dakika mbili hivi zimebaki, akakosa yadi 38. Muda wa nyongeza, upande wa Atlanta, Mdenmarki Morten Andersen akafunga yadi 38 hizo hizo. Kama ungekuwa skauti ukaitazama mechi ile tu, ungemwandika Anderson mtu asiyeweza yadi 38.

Tabia nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hapo watu huandika upuuzi mwingi. "Ana moyo wa chuma." Nani kaupima? Wewe nenda kwa mrushaji, kwa mshikaji, na kwa mzee wa toroli. Usiwaulize kama kijana ni jasiri. Waulize Jumapili baada ya kukosa Jumamosi alikuja saa ngapi, alisema nini, na alimlaumu nani. Anayemlaumu mshikaji kila wiki, NFL atabadilishiwa mshikaji na ataendelea kulaumu. Anayekuja na kupiga mapigo yake ya kawaida, asiyezidisha wala kupunguza, huyo mwekee nyota. Ukiweza, mwamkie huyo mzee kwanza, maana maskauti wengi hupita mbele yake kama anaota pale.

Wakikuuliza raundi, jibu langu ni raundi ya tano kurudi nyuma, isipokuwa uone mguu wa aina ya Sebastian Janikowski, ambaye Raiders walimchukua wa 17 kwenye drafti ya 2000 na akacheza misimu 18. Tangu hapo hakuna mpigaji aliyechukuliwa raundi ya kwanza, na sioni wa kumfuata karibuni. Taarifa yako ya kwanza ukiimaliza, nitumie mimi kabla hujaipeleka kwa wakubwa, na ukurasa wa mapigo aliyokosa uuweke juu.